Bei ya Haki ni Ipi? Historia ya Intaneti "Bila Kikomo" kati ya Gitega na Muyinga

Utangulizi

Likizo iliyopita nilipofika nyumbani Muyinga, mjomba wangu alitoa ankara ya intaneti ya duka lake akaiweka mbele yangu. Mjomba ana duka dogo la fotokopi na kupiga chapa barua, karibu na soko. "Mpwa wangu," aliniambia, "wewe unasoma historia chuoni. Nieleze basi: bei hii ni ya haki, au naibiwa?" Nilimjibu kwamba historia haishughuliki na ankara. Akacheka. "Kama haishughuliki na vinavyomtoa mtu fedha mfukoni, inashughulika na nini?"

Siku ile sikuwa na jibu. Insha hii ni jaribio la kumjibu. Ndani yake ninachunguza maana ya "bei ya haki" kwa wateja wa intaneti ya nyumbani isiyo na kikomo katika miji miwili ninayoifahamu, Gitega ninakosoma na Muyinga nilikozaliwa, kisha ninatafuta katika historia jinsi bei hizo zilivyopanda na kushuka. Hoja yangu ni hii: tangu intaneti ifike Afrika Mashariki, gharama ya kuileta imeshuka sana, lakini bei anayolipa mteja haikushuka yenyewe kwa kuifuata gharama hiyo. Ilishuka pale mteja alipokuwa na mahali pa kuhamia, au pale sauti yake ilipomfikia mwenye mamlaka. Mahali ambapo mteja hana hata kimoja kati ya hivyo viwili, neno "haki" hubaki mdomoni mwa muuzaji peke yake.

Wateja wanasema nini

Nianze na nyumba tunayopanga Gitega. Tuko wanafunzi watano, na ankara yetu ya mwezi ni faranga 150,000, yaani 30,000 kwa kila mmoja. Antena iko juu ya paa, na ruta iko sebuleni. Kila mwisho wa mwezi tunapochanga, mjadala huanza upya.

Mwenzetu anayesoma uchumi husema bei ni ya haki kabisa. Anapiga hesabu ya mega ambazo kila mmoja wetu angenunua kwenye simu yake kwa mwezi mzima, kisha anatuonyesha kwamba 30,000 ni nafuu. Dada mmoja kati yetu hakubaliani naye. Yeye hutumia intaneti saa moja tu usiku, kusoma maandishi na kuwasalimu wazazi, na wapo wengine wanaopakua filamu hadi usiku wa manane. Anauliza kwa nini anayekunywa kikombe alipe sawa na anayekunywa ndoo. Malalamiko yangu mimi ni tofauti. Ikifika tarehe 20 hivi ya mwezi, kasi huanguka, na ukurasa mmoja huchukua muda wa kupika chai. Tulipouliza, tuliambiwa kwamba tumefikia kiwango cha "matumizi ya haki." Kumbe lisilo na kikomo lilikuwa na kikomo, na kikomo hicho kilikuwa kimepewa jina la haki.

Muyinga nilisikia mengine. Mjomba hashindani na kiasi anacholipa. Shida yake ni siku. Umeme ukikatika siku tatu, ankara haipungui. Mafuta yakikosekana na jenereta ya mnara ikazimika, ankara haipungui. "Nalipia siku 30," alisema, "lakini mwezi wangu una siku 20." Mama yangu naye hana habari na intaneti ya nyumbani. Ana simu, na hununua mega za siku moja anapotaka kuongea na dada yangu aliyeolewa Ngara, ng'ambo ya mpaka. "Ya mwezi ni ya wenye mshahara," aliniambia. "Mimi nanunua ya leo."

Nikiyaweka pamoja maoni haya, naona watu hawa hawaulizi swali moja. Yupo anayesema haki ni kugawana gharama. Yupo anayesema haki ni kulipa kadiri ya unavyotumia. Yupo anayesema haki ni ahadi kutimizwa. Na mama, bila kulitaja neno lenyewe, anasema haki ni bei inayolingana na kipato. Maswali haya yote yaliulizwa na watu wengine kabla yetu.

Kabla ya mkonga

Kwa muda mrefu huduma ya simu Burundi ilikuwa mikononi mwa ONATEL, shirika la serikali. Sheria ya mwaka 1997 ndiyo iliyofungua mlango wa ushindani, na mwaka huohuo ikaundwa mamlaka ya udhibiti wa mawasiliano, ARCT. Kampuni za intaneti kama CBINET na Usan zilipoanza kuuza huduma, Burundi haikuwa na njia nyingine kubwa ya kufika ulimwenguni isipokuwa setilaiti. Nchi haina bahari, na mwambao wote wa Afrika Mashariki, wenye bahari, haukuwa na mkonga wa kimataifa.

Setilaiti za wakati ule zilikuwa ghali mno. Megabiti moja ya kasi kwa mwezi iliuzwa kwa jumla kwa maelfu ya dola. Kwa bei hiyo hakukuwa na mtu wa kawaida aliyeweza kuzungumzia intaneti ya nyumbani isiyo na kikomo. Waliounganishwa walikuwa mashirika ya kimataifa, benki, ofisi kubwa na hoteli, wengi wao Bujumbura. Mwananchi aliyetaka kutuma barua pepe alikwenda mkahawa wa intaneti akalipa kwa dakika. Kipimo kilikuwa saa ya ukutani.

Hali haikuwa ya Burundi peke yake. Kenya, iliyopata intaneti katikati ya miaka ya 1990, ilikuwa na njia moja tu ya kisheria ya kutoka nje ya nchi, mikononi mwa Telkom Kenya, hadi mwaka 2004. Kampuni binafsi za nchi hiyo zilipoanzisha kituo cha kubadilishana mawasiliano ya ndani, KIXP, mwishoni mwa mwaka 2000, ili barua pepe ya kutoka mtaa mmoja wa Nairobi kwenda mtaa mwingine isilazimike kuzunguka ng'ambo kwa dola, Telkom ililalamika na kituo kikafungwa baada ya muda mfupi. Kilifunguliwa tena mwaka 2002. Ninaona somo muhimu hapa. Njia ya kupunguza gharama ilikuwepo na mafundi waliijua, lakini haikutumika mpaka suala la nani anaruhusiwa kushindana lilipoamuliwa.

Mkonga unaopita Kobero

Mwaka 2009 mambo yalibadilika. Mikonga ya SEACOM na TEAMS ilianza kazi mwaka huo, na EASSy ikafuata mwaka 2010. ONATEL na kampuni ya simu ya U-COM ya Burundi zilikuwa miongoni mwa wanahisa wa WIOCC, ushirika wa kampuni za Kiafrika uliowekeza katika EASSy. Kwa hiyo Burundi, nchi isiyo na pwani, ilikuwa na sehemu yake chini ya bahari.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya nchi kavu. Machi 2007 Benki ya Dunia ilikuwa imeidhinisha mradi wa miundombinu ya mawasiliano kwa Kenya, Burundi na Madagaska, na fungu la Burundi lilikuwa karibu dola milioni 20. Ndipo ikaundwa Burundi Backbone System, BBS, ushirika wa serikali na kampuni za mawasiliano, ili kutandaza mkonga wa taifa wa takriban kilomita 1,300 unaounganisha mikoa. Mtandao huo ulikamilika mwaka 2014. Moja ya njia zake za kwenda nje inapita Kobero, kwenye mpaka wa Tanzania, ambako unaungana na mkonga wa taifa wa nchi hiyo unaoshuka hadi Dar es Salaam.

Kobero iko Muyinga. Wakati mkonga unatandazwa nilikuwa mtoto, na kilichobaki akilini ni mfereji mwembamba kando ya barabara na wazee waliouliza kama ni bomba la maji. Haukuwa wa maji, na kwa muda mrefu haukuwa wa kwetu pia. Intaneti iliyoingia nchini kupitia mkoa wetu ilikwenda Bujumbura kwanza, walipo wateja wenye fedha. Waliozaliwa kwenye barabara kuu wanaijua hali hii: malori ya kutoka Dar es Salaam hupita mlangoni kwako yamejaa bidhaa, kisha wewe unazinunua baadaye kutoka mjini, na nauli ya kurudi ikiwa imeongezwa juu yake.

Je, bei ilishuka baada ya mkonga? Ilishuka, lakini si siku mkonga ulipowashwa. Kwa mtu wa kawaida badiliko kubwa lilikuja na simu, hasa baada ya kampuni ya Viettel kutoka Vietnam kuingia mwaka 2015 kwa jina la Lumitel. Kampuni hiyo mpya ilijenga minara hadi vijijini na kujipatia wateja wengi kwa haraka, na kampuni zilizokuwepo zikalazimika kutazama bei zao. Mkonga ulipunguza gharama ya kampuni. Mshindani ndiye aliyelifikisha punguzo hilo kwa mama yangu.

Lakini punguzo hilo lilikuwa la vifurushi vya simu. Intaneti ya nyumbani iliendelea kuwa ya wachache mno. Hadi leo Burundi ina chini ya mteja mmoja wa intaneti ya waya kwa kila watu 100. Mahali penye wateja wachache namna hiyo kampuni haina wa kumgombania.

Neno "bila kikomo" lilitoka wapi

Tabia ya kuuza intaneti kwa mwezi mzima bila kuhesabu ina historia yake. Marekani, kampuni ya AOL ilikuwa ikiuza saa tano kwa mwezi kwa dola 9.95, na kila saa ya ziada dola 2.95. Desemba 1996 ilibadilisha mfumo na kuanza kutoza dola 19.95 kwa mwezi bila kuhesabu saa. Watu waliingia kwa wingi na kukaa muda mrefu kiasi kwamba laini zikajaa, na wengi waliopiga hawakupata nafasi. Walikuwa wamelipia kisichohesabika wakapata kisichopatikana. Mawakili wakuu wa majimbo kadhaa waliingilia kati, na mwanzoni mwa mwaka 1997 kampuni ikakubali kuwarejeshea wateja sehemu ya fedha zao.

Kisa hiki kinanisaidia kumwelewa mjomba. Mtu anaponunua intaneti bila kikomo, ananunua ahadi, kwa sababu hakuna kilo wala lita ya kupima. Ahadi ikivunjika, bei iliyokuwa ya haki asubuhi inakuwa ya dhuluma jioni, ingawa tarakimu ni zilezile. Wateja wa AOL walikuwa na wa kumlalamikia, na waliporudishiwa fedha, kanuni ikajulikana kwamba huduma isiyotolewa hailipiwi.

Kwa upande wa kampuni kuna hoja ya kweli, nami sina budi kuieleza. Njia moja hugawanywa kwa nyumba nyingi. Nyumba moja ikipakua mchana na usiku, jirani zake wanapungukiwa. Ndiyo maana kampuni nyingi duniani zimeweka kile kinachoitwa sera ya matumizi ya haki. Kenya, mwaka 2021, Safaricom iliweka kiwango kama hicho kwa wateja wake wa mkonga wa nyumbani: gigabaiti 500 kwa mwezi kwa vifurushi vya chini, na terabaiti moja kwa vile vya juu, kisha kasi inapunguzwa. Wateja walinung'unika, lakini angalau kiwango kilitangazwa kwa tarakimu, na mtu aliweza kujua anasimama wapi.

Hapo ndipo dada wa nyumbani kwetu na kampuni wanapokubaliana bila kujua. Wote wawili wanasema anayekunywa ndoo asimnyime mwenye kikombe. Ninachopinga mimi ni kikomo kisichosemwa. Nyumbani kwetu Gitega hakuna aliyewahi kutuonyesha tarakimu. Tuliigundua tarehe kwa kuumia.

Wateja waliposikika

Sasa nije kwenye sehemu ya pili ya hoja yangu, yaani sauti. Mfano wa karibu zaidi ni Tanzania. Tarehe 2 Aprili 2021 vifurushi vipya vya simu na intaneti vilianza kutumika nchini humo, baada ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kuweka bei ya chini na ya juu kwa kila megabaiti, kuanzia shilingi 2.03 hadi 9.35. Wananchi waliona vifurushi vyao vimepungua ghafla kwa fedha ileile. Malalamiko yalienea siku hiyohiyo, na serikali ikaagiza bei za zamani zirudishwe. Muyinga habari hizo zilifika upesi, kwa sababu wafanyabiashara wetu wengi wana laini za Tanzania kwa ajili ya shughuli za Kobero na Kabanga. Mjomba anazikumbuka vizuri. "Wenzetu walipiga kelele siku moja tu," husema.

Afrika Kusini kelele zilichukua muda mrefu zaidi. Mwaka 2016 watu walianza kampeni ya kudai bei za data zishuke. Tume ya Ushindani ya nchi hiyo ilifanya uchunguzi, na Desemba 2019 ikatoa ripoti yenye jambo ambalo lingemgusa mama yangu: wanaonunua vifurushi vidogo, ambao ndio maskini, hulipa zaidi kwa kila megabaiti kuliko wanaonunua vikubwa. Baada ya makubaliano na tume hiyo, Vodacom ilishusha bei ya gigabaiti moja ya siku 30 kutoka randi 149 hadi 99, kuanzia Aprili 2020. Kilichoshuka pale ni bei tu. Mikonga na minara ilikuwa ileile.

Mfano wa tatu ni wa mahali pa kuhamia. Starlink ilianza kuuza huduma Kenya Julai 2023. Mwaka mmoja baadaye, Julai 2024, Safaricom iliiandikia mamlaka ya mawasiliano ya Kenya ikishauri kwamba kampuni za setilaiti zilazimishwe kushirikiana na kampuni zenye leseni nchini badala ya kuuza peke yake. Lakini Septemba mwaka huohuo Safaricom iliongeza kasi ya vifurushi vyake vya nyumbani kwa bei karibu ileile: kifurushi cha chini kutoka megabiti 10 hadi 15, na kile cha shilingi 12,499 kutoka megabiti 100 hadi 500. Sisemi kwamba barua hiyo na ongezeko hilo lazima vihusiane. Nasema tu kwamba mteja wa Nairobi alilala na megabiti 100 akaamka na 500 katika mwaka ambao alikuwa amepata mlango wa pili.

Burundi ya leo: dola, umbali na kipato

Burundi nayo imepata mlango huo, angalau kwa jina. Starlink ilipewa leseni mwaka 2024 na kuanza huduma mwaka huohuo. Kwa Muyinga hili ni jambo kubwa, kwani setilaiti haijali kama uko Bujumbura au kando ya mpaka. Lakini kifaa chake kinagharimu mamia ya dola, na hapo tunagonga ukuta wa kipato.

Tume ya Umoja wa Mataifa ya maendeleo ya intaneti iliweka lengo mwaka 2018 kwamba hadi 2025 intaneti ya kiwango cha chini isizidi asilimia 2 ya pato la mtu kwa mwezi. Pato la taifa kwa kila Mrundi, kwa hesabu ya Benki ya Dunia, lilikuwa karibu dola 240 kwa mwaka 2022, yaani dola 20 kwa mwezi. Asilimia 2 yake ni senti 40. Kwa kiwango rasmi cha Mei 2023 hiyo ni kama faranga 1,100. Ni kweli lengo hilo halihusu intaneti isiyo na kikomo, hivyo si sahihi kulilinganisha moja kwa moja na ankara yetu. Lakini linaonyesha kwa nini mama husema ya mwezi ni ya wenye mshahara. Hata mimi, ninapochanga 30,000 zangu, ninalipa zaidi ya mara 25 ya kiasi hicho.

Kuna pia suala la dola. Kampuni za Burundi hununua uwezo wa mikonga ya kimataifa na vifaa kwa dola, lakini hutuuzia kwa faranga. Mei 2023 benki kuu ilishusha thamani ya faranga kwa karibu asilimia 38. Siku hiyo gharama ya kampuni kwa faranga ilipanda bila mtu yeyote kufanya uchoyo. Mtu anayesema kampuni zote ni wezi hajaitazama hesabu hii. Nilipomweleza mjomba alikubali upesi, kwa kuwa hata karatasi zake za fotokopi zilipanda. Lakini aliuliza swali ambalo sikuweza kulikwepa: "Dola ikipanda bei inapanda. Na mkonga ulipokuja, gharama iliposhuka, kwangu ilishuka lini?"

Swali lake linanirudisha kwenye umbali. Uingereza, kabla ya mwaka 1840, barua ilitozwa kwa umbali na idadi ya karatasi, na mara nyingi aliyelipa ni mpokeaji. Rowland Hill alichunguza hesabu za posta akagundua kwamba gharama ya kuisafirisha barua moja njiani ilikuwa ndogo sana. Gharama kubwa ilikuwa ya kuipokea, kuipanga na kuigawa. Januari 1840 ikawekwa bei moja, peni moja kwa barua nyepesi, popote iendako nchini. Stempu tuliyoizoea sote ilizaliwa katika mageuzi hayo, na wazo lake ni kwamba anayeishi mbali si raia wa daraja la pili.

Mkonga unafanana na barua kwa kiasi fulani. Ukishatandazwa, kupeleka ujumbe kilomita 200 hakuzidi sana kuupeleka kilomita 20. Tofauti ni kwamba Muyinga wateja wa kugawana gharama ya mnara na jenereta ni wachache, na mafuta yenyewe hayapatikani kila siku. Kwa hiyo simtarajii muuzaji ashushe bei Muyinga kwa hisani. Lakini mkonga wa BBS ulijengwa kwa msaada wa fedha za umma ili kufika mikoani. Kilichojengwa kwa jina la mikoa kinapaswa kuonekana mikoani. Gitega, tangu ilipotangazwa kuwa mji mkuu wa kisiasa mwishoni mwa mwaka 2018, imeona ofisi zikihamia na kampuni za intaneti zikifuata; mitaa ambayo haikuwa na antena sasa inazo. Muyinga, ambayo tangu mwaka 2025 ni sehemu ya mkoa mpya wa Buhumuza wenye makao yake Cankuzo, haikupata bahati hiyo. Huduma ilifuata ofisi. Haikufuata mkonga.

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba bei ya intaneti imeongozwa na mambo mawili, gharama na nguvu ya mteja, na kwamba la kwanza bila la pili halimfikii mtu wa mwisho. Setilaiti ilimfanya kila mtu alipe ghali. Mkonga uliondoa sababu ya ughali huo, lakini punguzo lilifika pale penye ushindani au penye kelele zilizosikika: kwa vifurushi vya simu Burundi baada ya mwaka 2015, Afrika Kusini baada ya uchunguzi wa mwaka 2019, Tanzania mwaka 2021, Nairobi mwaka 2024.

Basi nimjibu mjomba. Kwamba ankara yake ni kubwa si ushahidi kwamba anaibiwa. Dola, mafuta na uchache wa wateja vinaeleza sehemu yake. Lakini bei si ya haki kwa sababu tatu ambazo haziihitaji kampuni ipate hasara ili kuzirekebisha. Kwanza, kikomo kiandikwe kwa tarakimu kwenye mkataba, kwa lugha anayoisoma mteja, iwe Kirundi, Kiswahili au Kifaransa. Pili, siku ambazo huduma haikuwepo kwa sababu ya upande wa kampuni zihesabiwe na zirudishwe. Tatu, ARCT itangaze hadharani bei na kasi katika kila mji, ili mtu wa Muyinga ajue mwenzake wa Gitega anapata nini kwa faranga zilezile. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mkonga mpya.

Mwezi uliopita mjomba alinipigia simu akaniambia amefanya alichoweza. Ameanza kuandika kwenye daftari la duka kila siku intaneti inapokatika, saa ilipokatika na saa iliporudi, na wenye maduka wawili wa jirani wanaandika ya kwao. Anataka miezi mitatu ikitimia waipeleke karatasi hiyo ofisini wote kwa pamoja. Aliniuliza kama hiyo nayo ni historia. Nilimwambia ndiyo, na kwamba asisahau kuandika tarehe.